Umepigwa eksirei: Je, kunywa maziwa kunaondoa mionzi mwilini?

Saa nne usiku inaingia sauti ya WhatsApp, dakika 3 na ushee, kutoka kwa mama mdogo aliyeko Morogoro. Mama mdogo huwa haandiki, na akituma sauti ndefu saa hizo ujue kuna jambo.

Dada, yaani binti yake, alianguka na bodaboda. Hospitali wakampiga eksirei ya kifua na ya kifundo cha mkono. Mbavu zilikuwa salama, akapewa dawa za maumivu, akarudi nyumbani. Siku 9 baadaye akapima mimba. Mistari miwili.

Hapo ndipo mtaa ukaingia. Jirani mmoja akasema anywe maziwa asubuhi na jioni "kusafisha mionzi". Mwingine, na huyu ndiye aliyemnyima mama mdogo usingizi, akasema mimba imeshaungua, mtoto atazaliwa na ulemavu, bora itoke mapema.

"Sasa wewe mwanangu ndiye uliyesoma," sauti ikamalizia. "Tufanyeje?"

Mimi nimesomea habari, si udaktari. Lakini swali la mama mdogo wanalo watu wengi sana, na majibu yake yapo. Tuanze na maziwa.

Mionzi haibaki mwilini

Eksirei inatoka kwenye mashine kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Mtaalamu anabonyeza kitufe, mionzi inapita mwilini, mingine inanaswa na mifupa, inayopenya inachora picha upande wa pili. Akiachia kitufe, imekwisha. Ni kama tochi: ukiizima, mwanga haubaki ukutani.

Kwa hiyo ukitoka kwenye chumba kile hakuna mionzi kwenye damu yako, kwenye nguo wala kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha. Huna haja ya kuoga haraka wala kufua shuka. Mbebe mtoto, nyonyesha, lala na mwenzako kama kawaida. Huwezi kumwambukiza mtu mionzi ya eksirei.

Maziwa kunywa kama unayapenda. Hayana cha kusafisha, kwa sababu hakuna kilichobaki. Ndivyo ilivyo pia kwa maji ya limao, mkaa wa unga na "dawa za kutoa sumu" zinazouzwa mitandaoni.

Kuna na vidonge vya madini joto, ambavyo baadhi ya watu wamevisikia kwenye sinema au habari za vita. Hivyo ni dawa halisi, ila vina kazi moja: kuzuia tezi ya shingo isinyonye madini joto yenye mionzi, kama yale yaliyosambaa baada ya mtambo wa Chernobyl kulipuka mwaka 1986. Kwenye eksirei ya kifua hayo madini hayapo. Ukivimeza unapata madhara ya dawa bila faida yoyote.

Kinachoweza kubaki ni jeraha dogo ndani ya seli. Mionzi ikipita inaweza kukata vinasaba, yaani DNA. Mwili una mafundi wake wa kuviunga tena, na mara nyingi wanafanya kazi safi. Mara chache sana wanaunga vibaya, na seli hiyo miaka mingi baadaye inaweza kugeuka saratani. Hofu ya kweli kuhusu eksirei inatoka hapo. Swali ni kubwa kiasi gani.

Picha moja ni mionzi kiasi gani?

Mionzi inayomfikia mtu hupimwa kwa milisiveti. Na kabla hujaenda hospitali yoyote, tayari unapata mionzi: kutoka ardhini, kwenye mawe, angani, hata kwenye chakula. Wastani wa dunia ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka. Hiyo unaipata ukiwa umelala kwako.

Eksirei ya kifua ni takriban milisiveti 0.1, yaani sawa na mionzi ya kawaida ya wiki mbili hivi. Mashine nyingi za kisasa zinatumia pungufu ya hapo. Picha ya jino au kifundo cha mkono ni ndogo zaidi, ni siku moja au pungufu. Picha ya matiti ya kuchunguza saratani ni kama 0.4.

CT Scan ni habari nyingine. Ile nayo ni eksirei, ila inakuzunguka na kupiga picha nyingi kwa mkupuo. CT ya kichwa ni kama milisiveti 2, na ya tumbo inaweza kufika 8 hadi 10. Ukipiga hesabu, CT moja ya tumbo ni kama eksirei 80 hadi 100 za kifua. Watu wengi hawalijui hili, na sidhani kama wagonjwa huambiwa.

Altrasaundi na MRI hazimo kabisa kwenye hesabu hii. Altrasaundi ni mawimbi ya sauti, MRI ni sumaku. Nimewahi kusikia mjamzito akikataa altrasaundi "kwa sababu ya mionzi". Haina.

Sasa saratani. Makadirio ambayo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, imekuwa ikiyatumia ni kwamba CT ya milisiveti 10 inaongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa kama mtu 1 kati ya 2,000, katika maisha yote. Ukishusha kwa uwiano huohuo hadi eksirei moja ya kifua, unapata kama 1 kati ya 200,000. Ni hatari ndogo mno, na imewekwa kwa tahadhari; kwenye dozi ndogo hivyo wanasayansi bado wanabishana kama inaonekana kweli.

Kwa watoto inabidi kuwa makini zaidi, kwa sababu seli zao zinagawanyika haraka na wana miaka mingi mbele. Utafiti wa EPI-CT, uliotoka mwaka 2023 kwenye jarida la Nature Medicine, ulifuatilia karibu watu milioni 1 katika nchi 9 za Ulaya waliopigwa CT wakiwa watoto au vijana. Ulikadiria kuwa kati ya kila watoto 10,000 wanaopigwa CT leo, mmoja au wawili wanaweza kupata saratani ya damu ndani ya miaka 12 kwa sababu ya kipimo hicho. Mtoto aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu anaihitaji CT bila mjadala. Mtoto mwenye mafua hahitaji.

Mimba haikuungua

Turudi kwa dada, maana hapa ndipo uamuzi wa maisha unapofanyika kwa kusikiliza jirani.

Eksirei ya kifua inaelekezwa kifuani. Inayofika kwenye mfuko wa uzazi ni mabaki tu, haifiki hata miligrei 0.01. (Miligrei ni kipimo kingine, kwa eksirei ichukulie kama milisiveti.) Picha ya kifundo cha mkono ndiyo kabisa, tumboni hakufiki kitu cha kuhesabu.

Madhara yanayotisha, kama ulemavu wa viungo au ubongo kudumaa, huanza kuwa na uwezekano pale mtoto tumboni anapopata kama miligrei 100 na kuendelea. Gawanya uone: ni zaidi ya eksirei 10,000 za kifua. Miezi 9 ya ujauzito wa kawaida, bila hospitali yoyote, inampa mtoto karibu miligrei 1 kutoka mazingira tu.

Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, ICRP, imelisema hili wazi tangu mwaka 2000: chini ya miligrei 100, mionzi si sababu ya kutoa mimba. Hata eksirei ya tumbo lenyewe kwa kawaida ipo kati ya miligrei 0.1 na 3. CT ya nyonga ndiyo inapanda, 10 hadi 50, na hapo daktari anapaswa kukaa na mtaalamu wa mionzi wafanye hesabu ya mgonjwa huyo mmoja, kwa karatasi, wasikisie.

Jambo moja la kusema ukweli: takriban watoto 3 kati ya 100 huzaliwa na kasoro fulani kubwa hata kama mama hakuwahi kuingia chumba cha eksirei. Ndiyo maana hadithi za mtaani zina nguvu. Mtu alipiga picha, mtoto akazaliwa na tatizo, basi lawama zote zinakwenda kwa mashine.

Na kwa msichana anayeambiwa "itoe tu", hatari kubwa zaidi ipo kwa mtu wa kichochoroni anayesubiri kumtoa.

Ukijua ni mjamzito, au siku zako zimechelewa, sema kabla ya kupigwa picha. Usione aibu hata kama umeongozana na mama mkwe. Omba kuongea na mtaalamu pembeni. Huenda wakabadilisha kipimo, au wakaendelea kwa dozi ndogo. Ukigundua baadaye, rudi na tarehe na jina la kipimo. Basi.

Pale ambapo matibabu yanahitajika kweli

Nisije nikaonekana naitetea mashine. Eksirei imeshaua watu.

Wilhelm Röntgen aliigundua Novemba 1895 kule Würzburg, Ujerumani, na ndani ya miezi michache dunia nzima ilikuwa inacheza nayo. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, alikuwa akijaribu mirija ya eksirei kwa kuweka mikono yake mwenyewe mbele yake, siku baada ya siku. Mikono ikaungua, ikaota vidonda visivyopona, ikageuka saratani. Ikakatwa. Alikufa mwaka 1904 akiwa na miaka 39, na Edison akaachana na kazi hiyo.

Leo majeraha ya ngozi kwa mgonjwa yanatokea kwenye eneo moja hasa: vipimo na matibabu ambapo eksirei inawashwa kwa muda mrefu kama video. Mfano ni pale daktari anapopitisha mrija mwembamba kwenye mshipa hadi kwenye moyo, kwenye mtambo ambao wengi wanauita Cathlab, kuzibua mshipa au kuweka sitenti. Kazi ngumu inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, mionzi ikipita palepale. FDA ilitoa onyo rasmi kuhusu majeraha haya mwaka 1994.

Shida ya jeraha hili ni kwamba linachelewa. Ngozi inaweza kuwa nyekundu siku ileile, ikapotea, ukasahau. Kisha baada ya siku 10 hivi wekundu unarudi, unawasha au unachoma. Nywele zinaweza kunyonyoka kama wiki ya tatu. Likiwa kubwa, kidonda huja wiki au miezi baadaye. Na mara nyingi linakaa mgongoni, kwa sababu mionzi huingilia upande wa nyuma wa mgonjwa aliyelala. Mgonjwa haunganishi kabisa mgongo na moyo. Anakwenda duka la dawa, anapewa krimu ya fangasi.

Kwa hiyo kama wewe au mzazi wako amefanyiwa kazi ndefu ya aina hiyo, mwombe mtu wa nyumbani aangalie mgongo baada ya wiki mbili. Alama ikiwa ya mraba au duara yenye kingo zilizonyooka, hiyo ni dalili. Usikune, usipake chochote kikali, ifunike na jua, rudi kwa waliofanya kazi ile. Ukimwona daktari mwingine, mwambie tarehe ya Cathlab kabla hajakata kinyama cha ngozi kwenda kupima, maana ngozi iliyopigwa mionzi ikikatwa inaweza kugoma kupona. Majeraha mepesi hutibiwa kwa krimu na uangalizi. Makubwa yanataka bingwa wa vidonda, wakati mwingine upandikizaji wa ngozi.

CT nayo inaweza kukosewa. Hospitali moja ya Los Angeles iligundua mwaka 2009 kwamba wagonjwa 206 waliopigwa CT ya ubongo kwa kushukiwa kiharusi walipata karibu mara 8 ya dozi iliyokusudiwa, kwa miezi 18, kwa sababu mashine ilikuwa imepangwa vibaya. Waliijuaje? Mgonjwa mmoja alilalamika nywele zinanyonyoka. Nywele zikinyonyoka kwa mkanda baada ya CT, toa taarifa.

Ile hali ya joto kupanda ghafla mwilini, kichefuchefu au vipele wakati wa CT siyo mionzi. Hiyo ni dawa inayochomwa kwenye mshipa ili picha ionekane vizuri. Ikikubana pumzi au uso ukavimba, piga kelele palepale, ni dharura. Wenye matatizo ya figo na wanaotumia metformin ya kisukari waseme kabla ya kuchomwa.

Ugonjwa mkali wa mionzi, wa kutapika na chembe za damu kushuka, unahitaji dozi ya mwili mzima kama milisiveti 1,000 kwa mkupuo. Hauji kwa picha za hospitali. Unaweza kumpata mtu wa viwandani, wale wanaopima maungio ya mabomba kwa eksirei au mionzi ya gama, kinga ikikiukwa. Huyo anapimwa damu mara kwa mara ndani ya siku 2 za kwanza ili kuona seli nyeupe zinashuka kwa kasi gani, na matibabu ni dawa za kuamsha uboho, antibayotiki, kuongezewa damu. Aandike muda aliokaa, umbali na alivyosimama. Hizo ndizo taarifa madaktari watakazozitaka kwanza.

Wanaoshinda kwenye chumba hicho

Umewahi kujiuliza mbona yule mtaalamu anakimbilia nyuma ya ukuta wakati wewe umebaki? Wewe unapigwa mara moja kwa faida yako. Yeye angepigwa mara 40 kwa siku bila faida. Kwa mfanyakazi kuna kikomo: wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na anavaa kibeji kifuani kinachorekodi. Tanzania mwenye mamlaka ya kukagua mashine na vibeji hivyo ni Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC. Kenya ni KNRA. Ukiingia kituo cha afya ambacho mlango wa chumba cha eksirei unabaki wazi wakati wa kupiga, hao ndio wa kuwaambia.

Ukiombwa umshike mtoto wako, kubali tu kama huna mimba, na udai aproni ya madini ya risasi.

Lakini wewe mgonjwa usipofunikwa aproni, usikasirike mapema. Tangu mwaka 2019 wataalamu wa fizikia ya tiba Marekani wameshauri kuacha kuwafunika wagonjwa kila mara: faida yake ni karibu sifuri, na ikikaa vibaya picha inaharibika na unapigwa tena.

Kupigwa tena ndiko kunakonikera mimi. Mwaka jana nilipiga eksirei ya kifua, nikapewa rufaa, na hospitali ya pili haikuweza kufungua CD ya ile ya kwanza. Nikapigwa nyingine siku ya 4. Mionzi yake si kitu, hela yangu ndiyo iliuma. Ila ingekuwa CT ya tumbo ningekuwa nimeongeza milisiveti 8 bure. Tangu hapo nina albamu kwenye simu: picha ya kila ripoti, tarehe, hospitali, sehemu iliyopigwa. CD naitunza pamoja na kadi ya bima. Na daktari akiandika CT, namuuliza: "Majibu yake yatabadilisha matibabu yangu? Altrasaundi haitoshi?" Hakuna aliyewahi kunifokea.

Dada alikwenda kliniki Jumatatu na karatasi yake ya eksirei. Daktari aliisoma, akaandika kwenye kadi ya ujauzito tarehe na kipimo, akamwambia dozi ni ndogo na hakuna cha kufanya zaidi ya mahudhurio ya kawaida. Akampa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, kama wajawazito wote.

Usiku huo mama mdogo akatuma sauti ya sekunde 9. Anasema amewasikia, lakini maziwa ameshalipia ya wiki nzima, kwa hiyo dada atayanywa tu.